Robo Mzunguko, Nusu Mzunguko, Mizunguko Mitatu

Ukitaka kujua kama bunduki na risasi zake zinapatana, usimsikilize mwenye bunduki. Tazama tundu kwenye karatasi ya shabaha. Tundu la duara, kingo zake safi na kijipete cha masizi pembeni, linakuambia risasi imefika ikitanguliza ncha. Tundu refu mithili ya kokwa ya tende, au lenye umbo kamili la risasi iliyolala ubavu, ncha huku na kitako kule, linakuambia risasi ilipinduka njiani. Baruti haikuwa mbovu. Mpigaji hakutetemeka. Mtutu haukuisokota risasi vya kutosha, basi.

Msokoto huo hutokana na mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, ikienda kwa kuzunguka kama hesi ya parafujo. Kati ya mfereji na mfereji kuna tuta, kama shambani. Baruti ikilipuka, risasi hubanwa na matuta hayo, hulazimika kuyafuata, na hutoka mdomoni ikizunguka.

Aliyecheza pia utotoni hahitaji mwalimu wa fizikia kumweleza faida yake. Pia isiyozungushwa huanguka pale pale unapoiachia. Izungushe kwa kamba, itasimama juu ya msumari wake. Ukiigusa ubavuni haianguki, bali husogea upande, huyumba kiduara kidogo, kisha hutulia. Ikichoka huanza kuyumba duara kubwa, na hapo kila mtoto anajua mwisho umefika. Risasi yenye ncha ndivyo ilivyo, ila kinachotaka kuiangusha si uzito wake bali hewa. Uzito wake mwingi umekaa nyuma, kitakoni, ilhali hewa inaisukuma mbele, karibu na ncha. Ikiachwa yenyewe, itageuka kitako kitangulie. Mzunguko ndio unaoikataza. Uwe mzunguko kiasi gani? Swali hilo limewashughulisha watu karibu miaka 500, na mara nyingi aliyelijibu vizuri alikuja kuumbuliwa na mtu aliyebadilisha risasi.

Mafundi wa kwanza kuchonga mifereji walikuwa Wajerumani wa kusini, kuelekea mwisho wa karne ya 15 na katika karne ya 16. Hawakuacha maelezo. Baadhi ya mitutu ya zamani iliyosalia ina mifereji iliyonyooka kabisa, isiyozunguka hata kidogo. Mifereji ya namna hiyo haifanyi kitu ila kukusanya masizi ya baruti, na huenda hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wawindaji wa milimani waliona tu kwamba mtutu uliosokotwa unapiga vizuri zaidi, wakaununua. Majeshi hayakuutaka. Gobori la mtutu laini humiminiwa baruti, hutupiwa tonge la risasi lililo dogo kuliko tundu, hushindiliwa kwa mdeki mara moja, na askari yuko tayari. (Kiswahili kinatupa ushahidi hapa: risasi ni jina la madini na jina la kitu kinachotoka kwenye bunduki, kwa sababu kwa karne nyingi vilikuwa kitu kimoja.) Bunduki ya mifereji ilitaka tonge linalobana, limefungwa kitambaa chenye mafuta, lisukumwe kwa nguvu hadi chini. Muda ambao mwindaji alishindilia mara moja, askari wa gobori alishapiga mara tatu.

Maelezo yalikuja kutoka kwa mtu ambaye hakuwa fundi bunduki wala askari. Benjamin Robins, mwanahisabati aliyezaliwa Bath mwaka 1707, ndiye aliyepata njia ya kupima kasi ya risasi: alining'iniza gogo zito kama bembea, akalipiga risasi, akapima limebembea umbali gani. Kitabu chake cha mwaka 1742 kilikuwa na uzito kiasi kwamba Leonhard Euler mwenyewe alikitafsiri kwa Kijerumani na kukijazia maelezo. Lakini kulikuwa na jambo lililomsumbua. Gobori lile lile, baruti kipimo kile kile, limefungwa lisitikisike, bado lilipeleka tonge moja kulia na jingine kushoto. Robins akahisi kwamba tonge, likigongagonga kuta za mtutu, hutoka likizunguka kwa mhimili wa ovyo ovyo, na hewa hulisukumia upande ule mzunguko unakotaka.

Alivyolithibitisha ni ajabu. Alichukua mtutu wa gobori akaupinda mdomo kidogo kuelekea kushoto. Mtu yeyote angetarajia risasi iende kushoto, na kweli ilianza kushoto. Lakini ndani ya ule mpindo tonge lilikuwa limejiviringisha kwenye ukuta wa kulia, likatoka likizunguka, na karatasi nyembamba alizozitundika njiani zilionyesha jinsi lilivyokata kona hewani likaishia kulia. Mtutu umepindwa kushoto, risasi imeenda kulia! Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1852, Mjerumani Heinrich Magnus alieleza nguvu hiyo, nayo ikapewa jina lake. Wachezaji mpira wanaoifahamu miguuni wamsamehe Robins kwa kukosa sifa.

Basi, alisema Robins, dawa ya mzunguko wa ovyo si kuuondoa mzunguko. Ni kuulazimisha ufuate njia ya safari. Ndiyo kazi ya mifereji. Aliiambia Royal Society ya London katika miaka ya 1740 kwamba taifa litakalozielewa bunduki za mifereji na kuwapa askari wake litajipatia nguvu karibu sawa na ile iliyopatikana bunduki zilipovumbuliwa. Walimpa nishani, hawakumfuata. Alifariki mwaka 1751 huko Fort St. David, India, akiwa mhandisi wa kampuni ya Waingereza.

Uingereza ilichagua bunduki yake ya kwanza ya mifereji ya kudumu mwaka 1800, baada ya majaribio ya Woolwich. Mshindi alikuwa Ezekiel Baker, fundi wa Whitechapel, London. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa inchi 30 na mifereji saba, na katika urefu wote huo mifereji ilizunguka robo tu. Kwa lugha ya mafundi huo ni mzunguko mmoja kwa kila inchi 120: risasi inakwenda mita tatu ndipo inamaliza duara moja. Wajerumani, Wafaransa na Wamarekani walikuwa wakisokota robo tatu hadi mzunguko mzima. Baker aliwapinga: msokoto mdogo unashindiliwa kwa urahisi, haushiki masizi upesi, na shabaha ni ile ile.

Alikuwa na haki. Watu wa leo humcheka kwa robo yake, nami naona wanamwonea. Risasi yake ilikuwa tonge la duara, na tonge halina ncha wala kitako, haligeuki kitako mbele kwa sababu halina kitako. Linahitaji mzunguko kidogo tu wa kulinda mhimili wake. Baker alitoa jibu sahihi kwa risasi aliyokuwa nayo, na askari wa kanzu za kijani wa kikosi cha 95 waliwadungua maofisa wa Napoleon kwa jibu hilo kote Hispania na Ureno.

Kilichombatilisha ni kipande cha risasi chenye umbo la kidole. Mwishoni mwa miaka ya 1840 Mfaransa Claude-Étienne Minié alikamilisha wazo ambalo wenzake walikuwa wakilihangaikia tangu miaka ya 1820: risasi ndefu yenye ncha, nyembamba kidogo kuliko tundu, yenye shimo kitakoni. Unaishindilia kwa wepesi wa gobori. Baruti ikilipuka, moshi hujaa kwenye shimo, kitako hutanuka kama sketi, na madini laini hujikandamiza ndani ya mifereji. Ule ubishi wa mwindaji na askari ukaisha usiku mmoja. Waingereza wakatengeneza Enfield ya mwaka 1853: mtutu wa inchi 39, mifereji mitatu, mzunguko mmoja kwa inchi 78. Ndani ya mtutu, risasi inafanya nusu duara kamili.

Nusu duara hiyo ilitokana na mazoea kuliko hesabu, na wakuu wa jeshi walilijua hilo. Mwaka 1854 mmoja wao, Lord Hardinge, alimwendea mtu aliyejulikana kwa usahihi kuliko wote Uingereza, Joseph Whitworth wa Manchester. Whitworth hakuwa mpenda bunduki. Alikuwa mtengeneza mashine za kerezo, mtu aliyechoka kuona kila karakana ina hesi zake, akapendekeza mwaka 1841 kipimo kimoja cha hesi za skrubu na nati kwa nchi nzima. Aliombwa mashine za kutengenezea Enfield. Akajibu kwa namna ambayo fundi wa kweli hujibu: siwezi kuwatengenezea mashine ya kuchonga kitu ambacho hakuna aliyenieleza kwa nini kiko hivyo.

Serikali ikamjengea ukumbi wa kupigia risasi kwenye uwanja wa nyumba yake huko Rusholme, urefu wa yadi 500, umezungushiwa kuta na kuezekwa ili upepo usiharibu vipimo. Dhoruba iliubomoa, ukajengwa tena. Ndani yake zilitundikwa karatasi laini, moja baada ya nyingine, risasi ikizitoboa zote njiani. Mtu angeweza kutembea toka karatasi hadi karatasi akisoma maisha mazima ya risasi moja: hapa tundu duara, pale limeanza kurefuka, kule limerudi duara. Risasi inayoyumba kisha ikatulia ilijiandika yenyewe.

Whitworth akachonga mitutu ya kila namna. Alianza na mzunguko mmoja kwa inchi 60, akapanda, akapanda, hadi mtutu ambao mifereji yake inamaliza duara zima ndani ya inchi moja, kama skrubu halisi. Hata huo ulipiga. Alichojifunza ni kwamba msokoto hauna jibu peke yake: kadiri risasi inavyorefuka kulinganisha na unene wake, ndivyo inavyodai msokoto zaidi, na risasi ndefu nyembamba hupasua hewa vizuri kuliko fupi nene. Akachagua tundu la inchi 0.451, dogo kuliko la Enfield, risasi ya uzito ule ule wa gramu 34 hivi lakini ndefu, na mzunguko mmoja kwa inchi 20. Na ili risasi isiteleze juu ya matuta, hakuchonga mifereji kabisa: tundu lake lilikuwa la pembe sita, limesokotwa, na risasi ya pembe sita ikaingia humo kama bolti.

Aprili 1857, kwenye uwanja wa shabaha wa Hythe, Uingereza, bunduki hizo mbili zilikutana. Kwa yadi 500, risasi za Whitworth zilitawanyika kwa wastani wa sentimita 11 kutoka katikati ya kundi; za Enfield, sentimita 68. Kwa yadi 800, sentimita 30 dhidi ya zaidi ya 120. Kwa yadi 1,400, zaidi ya kilomita moja na robo, Whitworth aliendelea kupiga, Enfield ikaachwa kwa kuwa haikugusa kitu.

Jeshi likaikataa Whitworth. Tundu ni dogo mno, walisema, linajaa masizi, bei yake ni mara nne ya Enfield. Sababu za masizi na bei zilikuwa za kweli, na mtu aliyewahi kusafisha gobori hatawabeza. Baruti nyeusi huacha uchafu mgumu, na msokoto mkali huushika. Ndiyo maana fungu la baruti na risasi la Enfield lilifungwa kwenye karatasi iliyopakwa shahamu, na askari alilazimika kuing'ata kwa meno kabla ya kushindilia. Mwezi ule ule ambao watu wa Hythe walikuwa wakipima sentimita, uvumi ulikuwa unatambaa kambini India kwamba shahamu hiyo ni ya ng'ombe na nguruwe, haramu kwa Mhindu na haramu kwa Mwislamu. Tarehe 10 Mei 1857 askari wa Meerut waliasi. Manung'uniko yao yalikuwa mengi na ya miaka, lakini cheche ilitoka kwenye mafuta ya kulainisha njia ya risasi katika mtutu wenye mifereji.

Whitworth alibaki na heshima ya viwanjani. Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya shabaha ya Wimbledon kwa kuvuta uzi wa bunduki ya Whitworth iliyofungwa kwenye kiegemeo, na risasi ikaenda yadi 400 ikatua inchi moja na robo kutoka katikati.

Sheria ambayo Whitworth aliiona kwa macho iliandikwa kwa kalamu mwaka 1879 na George Greenhill, mwalimu wa hisabati kwenye chuo cha mizinga cha Woolwich. Alichukua hesabu nzito za kitu kirefu kinachozunguka katika kimiminika, akazikamua hadi zikabaki mstari mmoja ambao hata sajini angeuweza. Pima urefu wa risasi kwa unene wake: ni mara ngapi? Gawanya 150 kwa hesabu hiyo. Jibu ni urefu ambao mtutu umalize mzunguko mmoja, ukihesabiwa kwa unene wa risasi. Risasi yenye urefu wa mara tatu ya unene wake inataka mzunguko mmoja kwa kila unene 50. Kwa risasi za kasi kubwa za siku hizi, mafundi huweka 180 mahali pa 150.

Tazama kisichokuwemo. Uzito haumo. Hadi leo utawasikia watu wakisema risasi nzito inataka msokoto mkali. Wanachokiona ni kivuli, kwa sababu risasi nzito ya unene ule ule kwa kawaida huwa ndefu zaidi. Kinachodai ni urefu.

Miaka kumi iliyofuata ilipindua kila kitu kwa haraka. Mswisi Eduard Rubin aliivika risasi koti la shaba, ikaweza kuvumilia msokoto mkali bila kuchunika. Mfaransa Paul Vieille akapata baruti isiyotoa moshi mwaka 1884, na mwaka 1886 Ufaransa ikawa na bunduki ya Lebel. Matundu yakashuka hadi milimita nane na chini ya hapo, risasi zikawa ndefu kama penseli, misokoto ikakazwa. William Metford aliwapa Waingereza mifereji saba ya kina kifupi yenye kingo za mviringo, iliyobuniwa isishike masizi. Baruti mpya ikaja bila masizi lakini na joto lililoifuta mifereji hiyo upesi, na mwaka 1895 ikabidi warudi kwenye mifereji mitano yenye kingo kali. Lee-Enfield iliyotokana na hapo ilisokotwa kuelekea kushoto, mzunguko mmoja kwa inchi 10.

Pwani yetu iliziona zama hizo mbili, za baruti nyeusi na za baruti isiyotoa moshi, zikikutana mahali pamoja, Tanga, tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Askari wengi wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wanabeba Mauser ya mwaka 1871: tundu la milimita 11, risasi ya gramu 25 bila koti, baruti nyeusi, mzunguko mmoja kwa milimita 550. Wenzao Ulaya walikuwa na Mauser ya 1898, yenye mzunguko mmoja kwa milimita 240, kiasi kwamba risasi inazunguka mara tatu kabla ya kuuona mlango. Askari wa Tanga akipiga, wingu jeupe lilisimama juu ya kichwa chake likiwaambia maadui wote alipo. Walilishinda jeshi la Waingereza hata hivyo, wachache dhidi ya wengi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alihesabu mateka: bunduki 455, bombomu 16, risasi 600,000, akagawa silaha za kisasa kwa kombania tatu. Watu waliozoea kishindo cha ile Mauser nzee na risasi yake nzito ya kupaa juu walipewa bunduki inayopiga karibu mnyoofu. Simulizi za vita hiyo hukumbuka zaidi nyuki waliowatimua Waingereza. Mimi naona zile bunduki 455 ziliurefusha upinzani kuliko nyuki.

Kisa kinachofuata ni cha Wamarekani, na kinafundisha kwa sababu watu walikuwa na sheria ya Greenhill mezani wakaipuuza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Eugene Stoner na wenzake wa ArmaLite, California, waliunda bunduki nyepesi, AR-15, ambayo baadaye dunia iliijua kwa jina la M16. Risasi yake ilikuzwa kutoka ile ya kuwindia wanyama wadogo, .222, na msokoto wake ukaja nayo: mzunguko mmoja kwa inchi 14. Chukua kalamu. Risasi ina unene wa milimita 5.7 na urefu wa 19 hivi, mara tatu na theluthi. Gawanya 180 kwa hiyo upate 54. Zidisha kwa 5.7, unapata milimita 308, yaani inchi 12 na kidogo. Mtutu wa inchi 14 ulikuwa pembeni mwa genge tangu siku ya kwanza.

Viwanjani penye joto haikuonekana. Ikaonekana baridi ilipokaza. Kwenye nyuzi 54 chini ya sifuri, baridi ya kiwango cha Alaska, hewa inakuwa nzito karibu theluthi moja zaidi ya hewa ya kawaida, na hewa nzito huisukuma ncha kwa nguvu zaidi. Risasi zikaanza kuyumba. (Kinyume chake, kwenye kilele cha Kibo hewa ni karibu nusu ya ile ya Dar es Salaam kwa uzito, mtutu mbovu wa Alaska ungefanya vizuri tu pale juu.) Jeshi la anga likalalamika, na Julai 1963 Robert McNamara, waziri wa ulinzi, akaidhinisha mzunguko mmoja kwa inchi 12. Nambari ya Greenhill, miaka 84 baadaye.

Hapo pakazuka uvumi ambao haujafa. Ripoti za mwaka 1962 kutoka Vietnam zilisimulia majeraha ya kutisha, na watu wakasema: ni kwa sababu risasi inapinduka ikiwa hewani, na McNamara, kwa kukaza msokoto, ameiharibia makali. Si kweli. Risasi inayopinduka hewani haimpati mtu wa mita 200 ila kwa bahati mbaya. Inapinduka ndani ya mwili, kama ifanyavyo kila risasi yenye ncha, kwa sababu mwili ni mzito zaidi ya mara 800 kuliko hewa. Ili mzunguko uizuie humo, mtutu ungepaswa kumaliza duara zima ndani ya nusu inchi hivi. Hata ule mtutu wa kichaa wa Whitworth, duara moja kwa inchi, usingetosha. Tofauti ya inchi 14 na 12 mwilini ni sawa na kutotofautiana. Kilichozidisha majeraha ni kwamba risasi ile, ikilala ubavu kwa kasi kubwa, ilikatika vipande.

Mwaka 1980 NATO ilichagua risasi ya Kibelgiji, SS109, yenye kipande cha chuma ndani kilichoirefusha hadi milimita 23. Ukirudia hesabu unapata inchi 10. Lakini risasi haikuja peke yake. Ilikuja na dada yake wa usiku, ile inayowaka moto kitakoni ili mpigaji aone inakoelekea, na huyo ana urefu wa milimita 29. Hesabu yake haifiki inchi nane. Wabelgiji wakaweka saba, Wamarekani wakawafuata kwenye M16A2. Kwa mguso mmoja wa kalamu mamilioni ya M16 za zamani zikawa na mtutu usiofaa risasi mpya. Ukipiga ile ndefu kwenye mtutu wa inchi 12, karatasi inakuonyesha matundu ya kokwa ya tende, yametapakaa ovyo. Katika mtutu mpya, risasi inatoka ikizunguka zaidi ya mara 5,000 kwa sekunde.

Misokoto mitatu katika miaka isiyozidi 25, kwa bunduki moja. Upande wa pili wa dunia Warusi walikuwa wamekaa kimya. Risasi ya AK ina urefu wa kama mara tatu na nusu ya unene wake, na sheria ya Greenhill ingeridhika na mtutu wenye mzunguko mmoja kwa zaidi ya milimita 300. Wao waliukaza kuliko ulivyohitajika, kwenye joto, baridi na vumbi, na hakuna aliyewahi kuitisha kikao kuujadili. Bunduki hiyo imo kwenye bendera ya Msumbiji. Msokoto wake ni mzunguko mmoja kwa milimita 240, ule ule wa Mauser ya 1898.